Kuganga Mfupa: Lugha ya Mgonjwa, Lugha ya Daktari na Wajibu wa Wataalamu wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika kata ya Chikongola, mjini Mtwara, kama ilivyo katika miji mingi ya pwani, mtu akivunjika mfupa huwa na njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ni ya hospitali: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula iliyo mjini humo humo, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo. Njia ya pili ni ya kwenda kwa mganga wa kuunga mifupa, ambaye aghalabu anajulikana kwa jina, kwa nyumba na kwa watu aliowahi kuwatibu. Wako wanaoshika njia moja tu. Wako pia wanaoanza na moja na kuishia na nyingine, na hao mara nyingi hulipa gharama ya kuchelewa kwa viungo vyao wenyewe.

Uchaguzi huo huelezwa kwa kutaja umaskini, umbali, imani na mazoea. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Baina ya mgonjwa na daktari kuna jambo jingine ambalo halionekani katika picha ya eksirei wala halilipiwi dirishani, nalo ni lugha. Makala haya yanadai kwamba upasuaji wa mifupa wa leo, pamoja na maendeleo yake makubwa, unategemea maneno kiasi ambacho wataalamu wa tiba na wataalamu wa Kiswahili hawajakitambua ipasavyo. Kwamba sehemu kubwa ya maneno yanayohitajika tayari yamo vinywani mwa wagonjwa, wauguzi na waganga. Na kwamba kuyakusanya, kuyapambanua na kuyarudisha wodini ni kazi ya idara za Kiswahili.

2. Ganga, Gango na Mganga

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zinakipa kitenzi "ganga" maana mbili zinazokaa pamoja: kufunga na kuunga kitu kilichovunjika, na kutibu. Baharia huganga foromali iliyopasuka kwa kuifunga kipande cha mti na kamba. Mganga huganga mkono kwa banzi na kitambaa. Chombo kinachoshikilia sehemu mbili zisiachane huitwa gango. Ikiwa mpangilio huo wa maana unaaminika, basi tiba ya mifupa haikai pembezoni mwa dhana ya uganga katika Kiswahili. Yamkini ndiyo mfano wa msingi, na tiba nyinginezo zilikuja kuitwa uganga kwa kufananishwa nayo.

Lugha za Ulaya zilipita njia nyingine. Mwaka 1741 tabibu wa Kifaransa Nicolas Andry alibuni jina la taaluma hii kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, la kwanza likiwa na maana ya kunyooka na la pili likiwa na maana ya mtoto. Kitabu chake kilihusu namna ya kuzuia na kunyoosha ulemavu wa watoto, na mchoro wake mashuhuri ni wa mti mchanga uliopinda na kufungwa kwenye nguzo ili ukue wima. Mswahili hahitaji kufafanuliwa wazo hilo, kwa kuwa amekuwa akisema tangu zamani kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hata hivyo, jina la Kifaransa lilizaliwa na tendo la kunyoosha, ilhali la Kiswahili lilizaliwa na tendo la kuunga. Hilo si dogo kwa mtu anayetafuta istilahi, kwa kuwa linaonyesha kwamba Kiswahili kina mahali pake pa kuanzia na hakilazimiki kuanzia kwa Andry.

Historia nayo inapunguza umbali uliowekwa baina ya mganga na daktari. Hugh Owen Thomas, aliyeishi kati ya 1834 na 1891 na kufanya kazi Liverpool, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales; baba yake, Evan Thomas, alikuwa muunga mifupa asiyekuwa na shahada. Mwana alisomea udaktari, lakini aliubeba ujuzi wa nyumbani kwao. Gango alilolibuni kwa ajili ya mguu lilisambazwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa juhudi za mpwa wake, Robert Jones. Kwa makadirio yanayonukuliwa sana, askari waliopigwa risasi na kuvunjika fupa la paja walikuwa wakifa takriban 80 katika kila 100 mwanzoni mwa vita. Baada ya gango hilo kutumika kwa utaratibu, idadi ilishuka hadi 20 au chini yake. Hospitali iliokoa maisha kwa kifaa kilichotokana na ukoo wa waganga, na ilifanya hivyo kwa kuwa ilikubali kujifunza.

3. Upasuaji wa Mifupa Ulipofikia

Ni vema ieleweke kwanza kwamba hoja ya makala haya haikusudii kuitukuza tiba ya jadi dhidi ya ile ya hospitali. Kuna majeraha ambayo banzi na mafuta ya kuchulia haviwezi kuyaponya, na upasuaji wa Tanzania umepiga hatua ambazo msomaji wa lugha anapaswa kuzijua.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996. Huko, kama ilivyo katika hospitali kadhaa za Afrika ya Mashariki, mvunjiko wa fupa la paja au wa muundi hutibiwa kwa chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya uwazi wa uboho na kukazwa kwa skrubu juu na chini ya mvunjiko. Wazo la chuma cha ndani lilienezwa na Mjerumani Gerhard Küntscher tangu miaka ya 1940. Kilichokosekana katika nchi maskini ni mashine ya kumwonyesha daktari picha ya mfupa wakati wa kufunga skrubu. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Mmarekani Lewis Zirkle, lilitengeneza chuma chenye kipimo cha nje kinachoonyesha matundu yalipo bila ya mashine hiyo. Kwa chuma hicho mgonjwa aliyekuwa akilala kitandani wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito ulioning'inizwa, anaweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache.

Utafiti nao unafanyika hapa nchini. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Dar es Salaam kwa wagonjwa 240 waliovunjika muundi huku mfupa ukiwa umetoboa ngozi. Jaribio lililinganisha chuma cha ndani na vyuma vya nje. Baada ya mwaka mmoja, njia hizo mbili hazikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika katika madhara makubwa, yaani kifo au kupasuliwa upya. Lakini chuma cha ndani kiliunyoosha mfupa vizuri zaidi, na wagonjwa wake waliripoti hali bora ya maisha katika wiki za mwanzo. Huo ni ujuzi uliopatikana kwa wagonjwa wa Kitanzania, na unaweza kutumiwa kokote duniani.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapoingia bila kubisha hodi. "Hali ya maisha" ilipimwaje? Ilipimwa kwa dodoso fupi linalotumika katika nchi nyingi, ambalo huuliza habari za kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Katika mazungumzo na mgonjwa wa Kitanzania, hizo ni dhana za Kiswahili kabla hazijageuka tarakimu. Mtu akiulizwa kama anaweza kufanya "shughuli zake za kawaida", jibu la mvuvi wa Msimbati, anayepaswa kuruka ndani ya mtumbwi, halina uzito sawa na jibu la karani. Mwanamke anayeokota korosho hufanya kazi nzima ameinama. Takwimu zinazosomwa katika majarida ya kitabibu ni majibu yaliyogeuzwa hesabu, na swali likitafsiriwa vibaya, hesabu haiwezi kulisahihisha.

Mfano bora zaidi wa kipimo kinachoeleweka umetoka katika mtandao huo huo wa SIGN. Kwa kuwa wagonjwa wengi hawawezi kumudu kurudi mara kwa mara kupigwa picha, madaktari hao wamekuwa wakitumia picha ya kawaida ya mgonjwa aliyechuchumaa na kutabasamu. Anayechuchumaa bila maumivu baada ya kuvunjika paja huonyesha kwamba mfupa unaunga na goti linakunjika. Katika mji ambao watu huchuchumaa chooni na kupiga magoti wakisali, hakuna haja ya dodoso ili kufahamu maana ya kipimo hicho. Swali "Unaweza kuchuchumaa?" ni la kitabibu na ni la nyumbani kwa wakati mmoja. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayotafutwa.

4. Maneno Yanayoamua

Mtu anaweza kuuliza kama maneno yana uwezo wa kuponya au kudhuru mfupa. Mifano michache inatosha.

Wa kwanza ni "mguu". Katika Kiswahili neno hilo huweza kumaanisha kiungo chote kuanzia nyongani hadi vidoleni. Habari inayopigwa kwa simu kwamba fulani "amevunjika mguu" inaweza kuhusu kidole au paja. Aliyevunjika fupa la paja anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya nyama bila ya tone kuonekana nje. Aliyevunjika kidole anaweza kusubiri hadi kesho. Lugha haikosi maneno ya kupambanua: lipo paja, lipo goti na pia yake, upo muundi, kipo kifundo, upo wayo. Linalokosekana ni mazoea ya kuyadai. Muuguzi aliyefunzwa kuuliza "Paja au muundi?" tayari ameanza kutibu.

Wa pili ni "kiuno". Bibi kizee anateleza ukumbini, na jamaa wanasema ameumia kiuno. Kiuno hutajwa kwa maumivu ya mgongo, ambayo watu huyachua na kuyavumilia. Lakini bibi huyo huenda amevunjika shingo ya fupa la paja, ndani ya nyonga, na kila siku anayolazwa kitandani bila kutibiwa humkaribisha kwenye vidonda vya mgongo, homa ya mapafu na damu kuganda. Neno "nyonga" lipo na linajulikana. Kulitenga na "kiuno" katika mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni jambo lisilo na gharama.

Wa tatu ni "ganzi", nalo ni la hatari zaidi. Ganzi ni dawa anayochomwa mgonjwa ili asihisi kisu. Ganzi pia ni hali ya kiungo kupoteza hisia. Mgonjwa aliyefungwa banzi kwa mganga, au aliyefungwa plasta hospitalini, anaposema kwamba mguu "umekufa ganzi" na maumivu hayapungui, huenda anatangaza kwamba damu haifiki. Msuli uliokosa damu huanza kufa baada ya saa chache. Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 jinsi mikono ilivyokunjamana daima kutokana na bandeji zilizokazwa mno, na wagonjwa wake hawakutoka kwa waganga wa kijiji. Hivyo hatari haimo katika banzi la mti peke yake, bali katika kifungo chochote kinachokazwa na kuachwa bila ya mtu kumsikiliza mgonjwa. Iwapo msikilizaji atadhani kwamba ganzi ni jambo la kupita, au kwamba ni baki ya dawa ya jana, mguu utapotea kwa neno moja lenye maana mbili.

Wa nne ni "kusafisha". Mfupa uliotoboa ngozi huhitaji dawa za kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, na kisha upasuaji wa kuondoa uchafu na nyama iliyokufa, pengine zaidi ya mara moja. Daktari, kwa nia njema, humwambia mgonjwa kwamba atasafishwa. Tuseme mgonjwa ni kijana wa bodaboda wa Chikongola, na mama yake yuko kando ya kitanda.

"Mdogo wangu, leo tutakusafisha tena kidonda," asema daktari.

"Daktari, jana si mlimsafisha?" auliza mama.

"Ndiyo, mama, lakini kuna nyama imekufa, lazima tuikate."

Katika masikio ya mama, sentensi ya mwisho imefuta ile ya kwanza. Alichokisikia ni kukata. Katika mazungumzo ya kila siku, "kukatwa mguu" ni kuupoteza mguu, na hakuna maneno yanayoogopwa zaidi katika wodi ya mifupa. Ikiwa usiku huo jamaa wataamua kumwondoa kijana wao na kumpeleka kwa mganga, kitabuni itaandikwa kwamba mgonjwa ametoroka. Pengine ingekuwa sahihi zaidi kuandika kwamba hakuelezwa. Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha kukata kiungo, kupasua, kuchonga, kubandua na kuondoa. Daktari angeweza kusema kwamba nyama iliyooza itaondolewa ili mguu ubaki. Maneno yangeongezeka kidogo, na ridhaa iliyotolewa ingekuwa ridhaa ya kweli.

5. Istilahi Zilizozaliwa Wodini

Wakati wataalamu wanajadili namna ya kuunda istilahi, wagonjwa hawakungoja. Plasta gumu linaloufunika mguu huitwa na wengi "hogo", yamkini kwa weupe na unene wake unaokumbusha mhogo uliomenywa. Wauguzi huliita "piopii", kwa kutamka herufi za jina la Kiingereza. Vyuma vya nje, vinavyopenya ngozi na kuungwa kwa fito, wagonjwa wengi huviita "antena", na aliyewahi kuviona hawezi kubisha ufaao wa jina hilo. Chuma cha ndani huitwa "chuma" tu. Mfupa uliopona husemwa "umeunga".

Maneno haya yana sifa ambazo nadharia za uundaji istilahi huzitafuta: ni mafupi, yanafuata matamshi ya Kiswahili, yananyumbulika kwa urahisi, na yamekubalika kabla ya kusanifiwa. Aidha, yanazaa mengine. Kutokana na "kuunga" hupatikana "mfupa usiounga" na "mfupa uliounga kombo", dhana mbili ambazo mtu wa Mtwara huzielewa papo hapo, ilhali vifasili vyake vya Kiingereza humtatiza hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Kutokana na "ganga" na "gango" yaweza kupatikana jina la kila kifaa cha kushikilia mfupa, kikiwa cha nje au cha ndani, cha muda au cha kudumu.

Hata hivyo si kila neno la wodini linafaa kupokelewa bila kupimwa. "Chuma" hakionyeshi tofauti baina ya bamba lililofungwa ubavuni mwa mfupa na mhimili uliopita ndani yake, na tofauti hiyo humhusu mgonjwa: ndiyo inayoamua ni lini ataukanyagia mguu. "Hogo" hubeba mzaha kidogo, na mzaha huweza kumfariji mtu mzima lakini ukamwaibisha mzazi wa mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Mtoto huyo, kwa njia iliyobuniwa na Ignacio Ponseti huko Iowa, hufungwa plasta na kubadilishiwa takriban kila wiki, kisha mara nyingi hukatwa kidogo kano ya kisigino, halafu huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa fito hadi afikapo umri wa miaka minne hivi. Sehemu ngumu ya tiba hiyo ni miaka ya viatu, kwa kuwa nyayo zimekwisha kunyooka na mzazi haoni tena ugonjwa. Mzazi asiyeelezwa kwamba nyayo "zimenyooka" lakini bado "hazijakomaa" atavivua viatu, na nyayo zitapinda tena. Kitenzi sahihi hapo ni sehemu ya tiba.

6. Hoja za Upinzani

Yatatolewa mapingamizi matatu.

La kwanza ni kwamba taaluma ya tiba ni ya kimataifa, na daktari wa Mtwara anapaswa kusoma yanayoandikwa duniani. Hilo halina ubishi. Lakini hakuna anayependekeza kwamba daktari aache kusoma Kiingereza. Linalopendekezwa ni kwamba asimalize masomo kabla ya kujua kuieleza taaluma yake kwa lugha ya mgonjwa. Mahakama za Tanzania nazo zilidhaniwa kuwa haziwezi kuachana na Kiingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ikiwa mshitakiwa ana haki ya kuielewa kesi yake, ni vigumu kuona kwa nini mgonjwa asiwe na haki ya kuuelewa mguu wake.

La pili ni kwamba kuyapa heshima maneno ya waganga ni kuupa heshima uganga unaodhuru. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa madhara yapo: viungo vilivyooza kwa vifungo vilivyokazwa, na vidonda vilivyofunikwa dawa za mitishamba badala ya kuoshwa. Lakini kumnyima mganga msamiati hakumzuii kutibu. Kunazuia mazungumzo naye tu. Mwaka 2020 ulichapishwa pia utafiti uliowahoji waunga mifupa wa kaskazini mwa Tanzania kuhusu kazi zao na mitazamo yao. Umuhimu wa kazi kama hiyo ni kuonyesha kwamba watu hao wanaweza kuulizwa na wanajibu. Mganga anayejua, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mfupa uliotoboa ngozi si wake, na kwamba ganzi ni amri ya kufungua banzi, ataokoa viungo vingi kuliko tangazo linalomkataza kazi.

La tatu ni kwamba kuna mambo ya haraka zaidi kuliko maneno: vyuma, madaktari bingwa, barabara. Barabara ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 550, na mwezi wa Mei 2024, wakati wa mvua za kimbunga Hidaya, mawasiliano ya barabara baina ya mikoa ya kusini na Dar es Salaam yalikatika. Katika siku kama hizo rufaa ya Muhimbili hubaki karatasi tu. Lakini pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Kadiri msaada unavyokuwa mbali, ndivyo inavyolazimu walio karibu kuelewana: jirani aliyemwokota aliyeanguka kutoka mnazini, dereva aliyembeba, muuguzi wa zahanati aliyempokea, na daktari anayesikiliza kwa simu. Watu hao wanne hawana mashine ya picha, wana Kiswahili.

7. Wajibu wa Idara za Kiswahili

Taasisi za lugha nchini zina historia ndefu ya kuunda istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo sasa ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo iliwafaa walimu na wanafunzi. Lakini utaratibu wake ulikuwa wa kwenda kutoka neno la Kiingereza hadi neno la Kiswahili. Utaratibu huo huleta jina la kila mfupa katika atlasi. Hauleti habari kwamba mama kando ya kitanda amesikia "kukata" mahali daktari aliposema "kusafisha".

Kwa hiyo unahitajika utaratibu wa kwenda upande wa pili. Kwanza, mwanafunzi wa uzamili aende wodini na kwa waganga, kwa idhini na kwa kuhifadhi siri za wagonjwa, arekodi maneno yanayotumika na mahali yanapogongana. Mtwara panafaa kuanzia, kwa kuwa hapo Kiswahili hukutana na Kimakonde, Kimakua na Kiyao, na neno linaloeleweka na wazungumzaji wa lugha hizo zote litakuwa limejaribiwa kweli. Pili, maneno yaliyokusanywa yapimwe pamoja na madaktari, ili yale yenye maana mbili za hatari, kama "ganzi" na "kiuno", yawekewe mipaka au yaongezewe vibainishi. Tatu, matokeo yasiishie katika tasnifu. Yaandikwe katika fomu ya ridhaa, katika karatasi anayopewa mgonjwa anaporuhusiwa, na katika madodoso ya watafiti. Nne, mafanikio yapimwe kwa kumwuliza mgonjwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Istilahi ambayo mgonjwa hawezi kuirudia kwa maana yake haijasanifika, hata ikichapishwa.

8. Hitimisho

Upasuaji wa mifupa umefika mahali ambapo mguu uliokuwa ukipotea miaka hamsini iliyopita unaweza kuokolewa katika mikoa mingi ya Tanzania. Kilichobaki kati ya uwezekano huo na mguu wenyewe ni mlolongo wa maamuzi: kwenda au kutokwenda, kukubali au kukataa, kurudi kliniki au kutorudi. Kila uamuzi hufanywa kwa maneno, na mara nyingi hufanywa na mtu mwenye maumivu na jamaa zake wenye hofu.

Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kitenzi walichokichagua ni kile kile cha kufunga mti uliovunjika na mkono uliovunjika. Idara za Kiswahili zimekifafanua vya kutosha katika kamusi. Sasa zinatakiwa kukipeleka kazini, zikianzia na swali ambalo muuguzi yeyote wa Ligula anaweza kuliuliza kesho asubuhi: "Mama, nilivyokueleza kuhusu mguu wa mwanao, umeelewa nini?"